Pengo Juu ya Jina la Baba Yako

Advera mwanangu,

Sasa hivi uko saluni na mama mdogo Jovina, unanyolewa nywele za shule, na mimi nimebaki mezani na begi lako miguuni pangu. Nilikuwa nimepanga kukuandikia mambo ya sabuni, ya kufua soksi kabla hazijakauka na matope, ya kumwamkia bibi asubuhi kabla hujaulizia chai. Nimeyaacha. Jovina atakwambia hayo yote njiani, tena kwa sauti ambayo basi zima litaisikia. Mimi nataka kukueleza jambo moja, kwa sababu kesho litakugusa wewe, na huenda ukanikasirikia.

Kwenye mfuko wa mbele wa begi kuna bahasha ya kaki. Ndani yake kuna barua ya ridhaa, ile inayosema kwamba sisi wazazi wako tumekubali uvuke mpaka wa Rusumo, utoke Rwanda uingie Tanzania, pamoja na Jovina, uende kwa bibi yako Bukoba, uanze kidato cha kwanza. Chini yake kuna majina mawili. Juu ya jina langu pana saini yangu. Juu ya jina la baba yako hapana kitu. Ni peupe.

Tulivyoambiwa, mtoto anayevuka bila wazazi wake abebe barua yenye saini za wote wawili. Ninajua hivyo, na bado nimeiweka hivyo kwenye bahasha. Baba yako yuko barabarani na lori lake la mafuta, anatokea upande wa Tanzania. Ameahidi kuwangoja Rusumo kesho asubuhi, aitie saini kwa mkono wake. Lakini tangu mchana simu yake haipatikani. Huenda chaji imekwisha. Huenda yuko mahali pasipo na mtandao, huenda lori limeharibika porini na yeye yuko chini yake na kurunzi mdomoni. Asipofika, ofisa atapaangalia pale peupe, na naogopa atakurudisha. Shule ilishasema kwamba anayechelewa kuripoti nafasi yake anapewa mwingine.

Nimeifunga zipu ya begi na kuifungua tena. Na linalonitisha kuliko yote ni hili: ningeweza kulijaza lile pengo kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Saini ya baba yako ninayo. Imo kwenye kompyuta hii iliyo mbele yangu, picha safi, wino mtupu.

Acha nikueleze kwa nini sijaiweka.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Ofisi yetu ya Kimihurura, hapa Kigali, inakagua lifti na jenereta za majengo. Injinia Callixte ndiye anayepanda juu ya lifti na kuchungulia nyaya na breki. Mimi ndiye ninayeandika. Umewahi kumwona: yule mzee mrefu aliyekulia Bujumbura, anayevaa koti hata jua likiwaka, aliyekuuliza kama unajua kupika isombe, kisamvu cha huku, ukamjibu kwamba unajua kuila. Akirudi kutoka kwenye ukaguzi, magoti yamejaa vumbi, ananisomea alichokiona, mimi nachapa cheti, yeye anatia saini, na cheti kinatundikwa ukutani ndani ya lifti ili kila anayepanda ajue kuna mtu aliyeangalia.

Mwanzoni alisaini kila kitu kwa kalamu. Kazi zilipoongezeka, akawa haonekani ofisini. Mtu yuko Musanze juu ya lifti ya hoteli, mteja wa Kigali anataka barua mchana huohuo. Ndipo siku moja akaniita.

"Mama Advera, kuja. Iko na dawa ya hii maneno."

Akachukua karatasi nyeupe isiyo na mistari, akasaini, akasaini tena, akaijaza karatasi yote kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. "Chagua moja yenye iko muzuri," akasema. "Utaiweka ku machine."

Nikachagua iliyokuwa na mkia mrefu. Nikaiskani, nikakata pembezoni, nikauondoa weupe wa karatasi nyuma yake ili ubaki wino peke yake, nikaihifadhi kama picha. Tangu hapo nikimaliza barua naichukua ile picha na kuishusha juu ya jina lake. Ukiiacha hivyohivyo inaonekana kama stika ya dirishani. Nilijifunza mwenyewe kuipa uhai. Naiinamisha kidogo kulia. Naacha mkia wake ukate mstari. Leo naipunguza, kesho naikuza, ili barua mbili zisifanane. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilikuwa najivunia. Injinia akaanza kuniita Mkono. "Mkono yangu imefika?" anauliza asubuhi kabla hajavua kofia, na wenzangu wanacheka. Mimi nilicheka zaidi yao. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, mwanangu, nikasoma ukiwa mgongoni, wewe na daftari mkinipa maumivu ya shingo yaleyale. Kuitwa mkono wa injinia kulikuwa kama kupewa cheo.

Tulikuwa na sheria moja. Asiponipigia akasema "weka", siweki. Sikuwahi kuivunja kwa kukusudia. Ninakuandikia hivyo si kwa kujitetea. Ninakuandikia kwa sababu ndilo linaloniamsha usingizini: sikuivunja, na mambo yakaharibika hivyohivyo.

Unaikumbuka siku ya kuzaliwa ya rafiki yako Keza? Ulivaa viatu vya kung'aa ambavyo vilikubana na ukakataa kukiri. Tulipanda lifti pale kwao Nyarutarama hadi juu kabisa, ukijitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimebeba zawadi, sikuangalia kitu. Wakati wa kurudi tuliingia tena, Keza akitupungia mkono, nikainua macho. Ukutani, ndani ya fremu, kulikuwa na cheti chetu. Jina la jengo lile. Tarehe ya mwezi wa saba. Na saini ya Injinia, imeinama kulia, mkia umekata mstari.

Nilikuvuta nje kabla mlango haujafunga. Ukasema, "Mama, lifti si inafanya kazi?" Nikasema tunashuka kwa ngazi. Ukasema viatu. Nikasema vua. Nilikukaripia mbele ya Keza na mama yake, nikawaambia mimi huwa naogopa lifti, na tukashuka, wewe pekupeku, umenuna. Jioni ukampigia baba yako: "Mama anaogopa lifti!" Naye akacheka hadi nikamsikia nikiwa jikoni. "Mwambie mama yako lifti haina meno." Kwa muda mrefu huo ukawa wimbo wa nyumba hii. Nilipokataa kukununulia kitu uliimba. Hata Jovina aliuchukua.

Siogopi lifti, Advera. Nilijua kwamba Injinia hajawahi kuingia kwenye ile.

Ilitokea hivi. Cheti kipya siandiki tangu mwanzo. Nafungua cha zamani, nabadilisha jina la jengo na tarehe, nakihifadhi kwa jina jipya. Makarani wengi tunafanya hivyo. Cha Nyarutarama nilikitayarisha mapema kabla ya ukaguzi, nikakituma kwa meneja wa jengo athibitishe tu kwamba jina na anwani viko sawa. Nilisahau kwamba kile cha zamani kilikuwa tayari kina saini. Ikaja nayo, kama kupe anavyohama na ng'ombe aliyeuzwa. Meneja akaona karatasi ina saini ya injinia, kwa nini angoje tena? Akaitia kwenye fremu. Siku yenyewe Injinia akaenda kwa daktari wa macho, ukaguzi ukasogezwa, ukasahaulika. Na watu wakaendelea kupanda na kushuka chini ya jina la mtu ambaye hakuwahi kufika pale.

Sasa nitakuambia ninaloliona gumu. Jumatatu iliyofuata sikusema kweli. Nilikwenda, nikasimama mlangoni kwa Injinia, na kilichotoka mdomoni kilikuwa: "Injinia, ile lifti ya Nyarutarama bado hujaikagua."

"Iko ku programme," akasema bila kuinua kichwa. "Wiki ijayo."

Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa mwepesi kama niliyetoka kuungama. Wiki ijayo ataenda, atakagua, na ile karatasi iliyomtangulia itageuka kuwa ya kweli. Nani atadhurika? Nilifanya hesabu hiyo kila asubuhi, na kila jioni uliporudi shuleni ulinivurugia. Ulikuwa na habari za Keza tu. Keza na kaka yake wanashindana, mmoja kwenye ngazi, mwingine kwenye lifti, anayefika juu wa mwisho anaosha vyombo. Nilikuwa nakumenyea viazi huku nikisikiliza. Sikusema. Niliogopa kufukuzwa. Kibali changu cha kuishi hapa kinakwenda na kazi. Kazi ikienda, na sisi tunakwenda. Niliogopa aibu. Niliogopa zaidi kuacha kuitwa Mkono.

Alhamisi gari la wagonjwa lilipita barabara ya chini likilia, likielekea upande wa Nyarutarama. Lilikuwa na safari zake, sijui za wapi. Nilijikuta nimesimama na stepla iko sakafuni, na miguu ikanipeleka yenyewe.

"Injinia, naomba uangalie hiki," nikasema, nikamfungulia kile cheti.

Akavaa miwani. "Hii ni ya Nyarutarama. Bon. Problème iko wapi?"

"Ni ya mwezi wa saba."

"Yego. Mwezi wa saba nilienda kule." Akaegemea kiti, akatazama dari. "Nakumbuka. Mulinzi alinipatia kiti, nikakataa. Lifti ilikuwa na kelele kidogo huku juu, lakini si mubaya."

Mwanangu, hakwenda. Alikuwa anakumbuka jengo lingine, au majengo mengi yaliyochanganyika. Aliiona saini yake akaiamini kuliko kichwa chake. Na alikuwa anaiamini kwa upole, bila shaka yoyote, mzee wa watu, akinitazama kama anayengoja swali la pili. Nilichotakiwa kusema ni "Ndiyo, Injinia." Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye ulimi. Yangetoka, mambo yangeishia pale, na hakuna ambaye angejua kamwe, kwa sababu hata yeye mwenyewe asingejua.

"Hukwenda, Injinia," nikasema.

"Mimi?"

"Siku hiyo ulikuwa kwa daktari wa macho. Hiyo saini imewekwa na mimi. Sikukusudia, ilikuja na cheti cha zamani. Lakini ni mimi."

Akaisogelea kompyuta hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Lakini hii iko mukono yangu."

"Ndiyo. Ila wewe hukuwepo."

Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani, akaifuta na tai, akachukua begi lake la vifaa na kuniambia nifunge ofisi. Aliendesha mwenyewe hadi kule. Pale Nyarutarama alipanda peke yake hadi juu, na mimi nikasimama chini nimeshika kofia yake. Aliporudi aliniita nione. Kwenye ghorofa ya juu, ya akina Keza, lifti ilikuwa inaondoka kabla mlango haujafunga sawasawa. Aliweka penseli kwenye upenyo, lifti ikaondoka, penseli ikavunjika vipande viwili. Akavichukua vyote viwili akavitia mfukoni. Kisha akaizima lifti, tukashuka kwa ngazi, akatundika kibao mlangoni chini.

Mama Keza akafika wakati huohuo, mikono yote miwili imejaa mifuko ya sokoni. "Eh! Na sasa hii mizigo itapandaje?"

"Itapanda na miguu, madame," Injinia akasema.

Injinia alipomweleza habari ya cheti, hakumtazama tena. Alinitazama mimi. Aliiweka mifuko chini taratibu.

"Mama Advera. Siku ile ulipomshusha binti yako kwa ngazi. Uliogopa lifti, au ulikuwa unajua?"

Nikaitazama kofia ya Injinia mikononi mwangu. Hakurudia swali. Alichukua mifuko yake akaanza kupanda, nami nilimsikia akitua kila ghorofa kupumzika, hadi juu.

Umeniuliza tangu juzi kwa nini Keza hajaja kukuaga, na mimi nimekuwa nikikwambia labda wamesafiri. Hawajasafiri. Mama yake hataki. Na ana haki, Advera. Nilimshusha mtoto wangu kwa ngazi, nikamwacha wa mwenzangu apande. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe, lakini hilo si kwa sababu ya chochote nilichofanya mimi. Ukitaka kumwandikia Keza, mwandikie. Mwambie ukweli huu kama nilivyokuandikia. Wewe hukujua kitu, ulikuwa umevua viatu umenuna.

Kwenye gari tukirudi, Injinia alisema jambo moja tu. Aliunyanyua mkono wake wa kulia kutoka kwenye usukani, mkono wenye madoa ya uzee na grisi kwenye kucha. "Mukono yangu ni hii," akasema. "Ingine sina." Tulipofika aliifuta ile picha mbele yangu, na akaniambia nimtayarishie barua. Nikachapa huku akinitajia maneno. Ilikuwa barua ya onyo, ya kwangu. Aliisoma, akatoa kalamu, akaisaini. Ndiyo karatasi ya kwanza aliyoisaini kwa wino baada ya muda mrefu, na saini yenyewe haikufanana sana na ile niliyokuwa nikibandika. Mkia wake siku hizi ni mfupi. Amezeeka, na mimi nilikuwa nikimfanya kijana kila siku bila kujua.

Tangu hapo vyeti vinachelewa, wateja wanalalamika, yeye anasaini kimoja kimoja akikisoma. Haniiti Mkono tena. Ananiita Mama Advera, kama zamani. Bado nasimama haraka anapoita.

Ungedhani mtu akishapitia hayo amepona. Mimi nilidhani hivyo. Sasa sikiliza lililotokea Jumatano hii, maana wewe ulikuwepo ila hukujua ulichokiona.

Nilimpigia baba yako kuhusu barua ya ridhaa. Nikamwambia apitie Kigali asaini, au atafute njia. Alikuwa anaendesha, upepo unavuma kwenye simu.

"Mama Advera, karani mzima unanisumbua na kalamu? Si unayo saini yangu kwenye kompyuta, ile niliyokutumia ya pasi ya mtoto? Bandika."

"Sibandiki tena, Baba Advera. Unajua yaliyonipata."

"Yale yalikuwa ya lifti. Hii ni ya mwanangu. Mimi baba yake nakwambia weka. Nimekubali, sijakubali?"

Alikuwa amekubali. Huo ndio ugumu wake. Haikuwa wizi, wala si uongo kwa namna unavyoweza kuueleza mtoto uongo. Alisema "weka", kama Injinia alivyokuwa akisema. Jovina alikuwa ameketi hapohapo, akachekea kwenye kikombe: "Mwenye mkono amekupa mkono, wewe unakataa! Karatasi zimekuroga, dada." Nikafungua kompyuta. Nikaishusha ile saini juu ya jina la baba yako. Nikajikuta nimeiinamisha kidogo kulia. Nikachapisha, nikaiacha mezani wino ukauke, kisha nikacheka mwenyewe, maana ilitoka kwenye mashine, ulikuwa umekwisha kauka.

Ukaingia kutoka kuoga, taulo kichwani. Ukaiona. Ukaishika kwa mikono miwili.

"Baba amekuja?"

Sikuelewa haraka. Nawe hukungoja jibu. Ukakimbia chumbani ukiita, "Baba! Baba, umelala?" Nikakusikia ukifungua pazia. Ukaenda hadi mlango wa nyuma kuangalia kama viatu vyake vipo. Ukarudi, maji yakikutiririka shingoni, na uso ambao sitausahau. Huna habari ulinitazamaje. "Si amesaini hapa?" ukauliza.

Nikasema alituma kwa simu. Ukasema, "Aa," ukaenda kuvaa.

Injinia mwenye miaka yake yote aliiona saini akakumbuka safari ambayo hakwenda. Wewe uliiona ukakimbia kumtafuta mtu ambaye hakuja. Niliichana karatasi ile ulipokuwa unavaa. Nikachapisha nyingine, nikasaini ya kwangu kwa kalamu, nikaacha ya baba yako. Nilimpigia tena usiku uleule na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimfokea. Nikamwambia mwanao anatoka nyumbani hujamwona, na ulichotaka kumpa ni picha. Nilisikia akilisimamisha lori kando. Kisha akasema, "Nitakuwa Rusumo Jumamosi. Hata kwa miguu."

Hiyo ndiyo ahadi tuliyo nayo. Haina muhuri.

Sikuandikii haya ili uwe mtu wa kuogopa karatasi kama mimi. Utasaini vitu vingi maishani, na vingine utabandika, dunia ndiyo inakoelekea, na kazi itakuwa nyingi na wewe utakuwa mbali. Sijui nikushauri nini. Najua tu kwamba mimi nilianza kupotea pale nilipofurahia jinsi nilivyoweza kumfanya mtu asiyekuwepo aonekane yupo. Ukijikuta unajivunia ujuzi wa namna hiyo, ogopa kidogo. Na ukikosea, usingoje Alhamisi kama mimi. Ukweli wa Jumatatu ungenifukuzisha kazi labda, lakini ningeweza kumtazama Mama Keza machoni.

Na ukikosea huko kwa bibi, hata kosa la aina gani, nipigie. Sitakuwa na sauti nzuri mara moja. Nitafoka, unanijua. Lakini subiri nimalize, usikate simu.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimempigia tena. "Mteja unayempigia hapatikani." Nimefungua kompyuta. Nimeitazama ile picha ya saini ya baba yako, D kubwa la Deogratias na ule mviringo anaouweka mwishoni kama kamba ya kufungia turubai. Printa iko pale, karatasi zipo. Nikikwambia sikufikiri, nitakuwa nimeandika kurasa zote hizi bure. Nilifikiri: nichapishe ya akiba, niiweke chini ya begi, Jovina peke yake ajue, ya kutumika tu baba akichelewa. Nikaiweka hadi karatasi kwenye mashine.

Kisha nimeifuta. Nimeifuta na kwenye kapu la takataka la kompyuta, nimetafuta hadi kwenye barua pepe ya zamani nikaifuta huko pia. Najiona kama niliyetupa funguo za nyumba mtoni. Sasa haipo. Kesho hata nikiogopa mara mbili ya hivi, sina la kubandika.

Nitapanda basi nanyi hadi Rusumo, nimeamua sasa hivi, Jovina hajui. Tutashuka na begi lako. Kama baba yako yupo, utamwona akivuka kwa miguu na yale malapa yake ya safari, atakuchekesha kuhusu kichwa chako, atasaini barua juu ya bega la mtu kwa sababu hajawahi kukumbuka kutafuta meza. Uangalie anavyosaini. Uangalie hadi amalize.

Kama hayupo, tutamwambia ofisa kwamba hayupo. Basi likiondoka, liondoke. Tutakaa kwenye benchi, mimi na wewe na Jovina na kelele zake, hadi aje. Shule ikitoa nafasi kwa mwingine nitaibeba lawama hiyo na utaruhusiwa kunikumbusha kila mwaka. Ninaogopa sana, Advera. Lakini pale peupe ni pa baba yako, na usikubali mtu mwingine apajaze, hata akiwa mimi.

Nasikia geti. Jovina anacheka, anamwambia jirani kwamba kichwa chako kimetokea kuwa na umbo zuri, asante kwa upande wa mama. Unamwambia anyamaze. Unakuja. Nasaini kwa kalamu hiihii, nimesimama; utaona herufi zimepanda mlima. Ziache hivyo.

Mama yako,
Editha